Santuri ya Chuma Mbadala

Leo nimeumbuka vibaya. Saa tisa mchana, siku ya Sabato, kwenye shukrani yangu mwenyewe, nimekutwa chini ya meza nimekumbatia mguu wa mzee wa kanisa, namwita marehemu baba yangu, "Tata! Tata!" Watu walijaa uwanja mzima. Wengine walikuwa na simu.

Nirudi nyuma, maana kuna mtu wa kujibu.

Mnajua mimi ndiye nilikuwa mpiga kengele wa kanisa hapa Birongo. Kengele yenyewe ni rimu ya lori imening'inizwa kwenye mkaratusi, unaigonga na nondo. Mwaka jana nikiwa naigonga, radi ikapiga ule mti. Nililala hospitali wiki mbili. Niko hai, na namshukuru Mungu kila asubuhi (nywele za upande mmoja zilikataa kurudi, lakini kichwa kipo). Wengine walinong'ona eti radi haimtafuti mtu bure. Kemunto wa mashine ya kusaga, hata wewe. Nilikusikia, tena kwa lile sikio lililoharibiwa na radi.

Kutoka hospitali nikakuta Mzee Nyang'au, mzee wetu wa kanisa, amempa Josefu nondo yangu. Josefu huyo hugonga watu wakiwa wameshaketi. Nikalalamika. Mzee akasema bado nashtuka hata mlango ukifungwa, tufanye ibada ya shukrani ya kupona kwangu kwanza, aone kama nimetulia, ndipo tuongee habari ya nondo.

Basi Alhamisi nikaenda soko la Daraja Mbili kutafuta shati la shukrani. Kwa Ondieki wa mitumba, chini ya makoti, nikaona santuri. Baba aliniachia gramafoni, na bado inazunguka. Jalada lilikuwa jeusi, lina njiwa mweupe katikati. Mimi shule niliachia darasa la tatu, Kiingereza sikijui, nikamwomba Ondieki anisomee ni nyimbo gani.

"Alternative metal," akasema.

"Ndiyo nini?"

"Metal ni chuma. Alternative ni mbadala. Muziki wa chuma mbadala, mzee wangu. Ya zamani hiyo, wazungu wanaitafuta sana."

Chuma mbadala! Rimu ya lori mahali pa kengele, kama hicho si chuma mbadala, ni nini? Nikajua huko ng'ambo kuna wenzangu, wanagonga mpaka wamerekodiwa. Nilimwuliza mara mbili kama ni ya kanisa. Akanijibu, "Kwani huoni njiwa?"

Leo watu wamekula wakashiba. Mzee Nyang'au amesimama karibu na meza, Biblia mkononi, tayari kuomba. Nikamwomba dakika moja, nikawaambia watu wasikilize kazi ya wapiga kengele wa mbali. Nikaweka sindano.

Ilianza vizuri. Gita dogo, na mtu anaimba polepole kama aliyefiwa. Akina mama wakatikisa vichwa. Kemunto akasema amina. (Kumbukeni hiyo amina.)

Halafu wakagonga.

Kilichotoka pale sijui nikiiteje. Ngoma, vyuma, na mwanamume ananguruma kama fahali aliyekanyagwa. Mwili haukuniuliza. Nikajikuta chini ya meza nimeshika mguu, macho nimefumba. Katika kuingia niliigonga meza, chai ikamwagika, sindano ikakwama. Sasa fahali akawa anarudia ngurumo ile ile, tena na tena, na hakuna wa kumzima, kwa sababu mwenye kujua gramafoni alikuwa amejificha.

Nikafumbua macho. Mguu niliokumbatia haukuwa wa mtu aliyesimama. Mzee Nyang'au alikuwa ameketi humo ndani, Biblia juu ya kichwa. Alikuwa amefika kabla yangu.

"Imepita?" akaniuliza.

"Ni santuri, mzee."

Akaishusha Biblia. Fahali akanguruma mara nne hivi.

"Basi toka ukaizime," akasema. "Na Sabato ijayo, nondo ni yako."

Kwa hiyo nashukuru. Kemunto alicheka mpaka akakaa kwenye nyasi, lakini ndiye aliyenipangusa chai na kuniletea nyingine. Nashukuru. Na kusema kweli, wale watu wanajua kugonga. Josefu aende akajifunze.

Lakini wewe Ondieki, naona hapa kwenye kundi umeshasoma na umenyamaza. Nilikuuliza mara mbili. Jibu mbele ya watu: yule njiwa alikuwa anatafuta nini pale?