Misuko ya Mdogo Wangu Ilitangulia

Saluni ya Nywele,
Mlango wa bluu, mkabala na seremala.

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Jopo la Waamuzi wa Mstari wa Kumalizia,
Mashindano Makuu ya Riadha.

YAH: NYWELE KUTOHESABIWA KATIKA FAINALI YA MITA MIA, WANAWAKE

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Pokea salamu nyingi, wewe na waamuzi wenzako. Natumaini mu wazima, hasa macho, maana habari yenyewe ni ya macho. Mimi ni msusi. Nina saluni ya vioo viwili na draya mbili, moja ya kukaushia nywele na nyingine, iliyokufa, ya kutundikia mikoba. Sikuandikii kama wale wa vijiweni ambao timu yao ikifungwa basi refa kahongwa. Nakuandikia kama mtaalamu.

Binti aliyetoka wa nne kwenye fainali yenu ya mita mia ni mdogo wangu, tumbo moja. Nyumbani tunamwita Kishada. Mama alipofariki nilimlea mimi, na kumsuka nikamsuka mimi, na safari hii kabla hajapanda ndege nilimsuka rasta za kufika kiunoni, shanga nyeupe kwenye ncha. Kocha wake alitaka akate nywele ziwe fupi. Nilimwambia afundishe miguu, kichwa aniachie mwenyewe.

Nataka ujue kwamba sina kinyongo na jopo lako. Siku ya nusu fainali, Kishada na mwenzake mmoja walipofika pamoja wakigombea nafasi ya mwisho ya kuingia fainali, mlikaa na picha yenu, mkaichunguza, mkampitisha Kishada. Saluni nzima ilipiga vigelegele. Mteja aliyekuwa chini ya draya alitoka na rola zake kichwani akacheza hadi barabarani. Nilisema kwa kinywa changu, mbele za watu, kwamba duniani hakuna waamuzi waadilifu kama hawa. Ndiyo maana ya kesho yake yameniuma zaidi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Hamkuhesabu nywele. Picha ya kumalizia ilitoka gazetini, nimeikata na kuibandika kwenye kioo. Hatua ya mwisho kabisa Kishada alirusha kichwa mbele, misuko yote ikamfuata, ikampita, ikavuka mstari. Shanga zangu zinaonekana waziwazi, zimetangulia kifua cha yule mliyempa shaba. Nikaambiwa eti sheria yenu inahesabu kiwiliwili tu: kichwa hakimo, mikono haimo, miguu haimo. Mheshimiwa, miguu haimo kwenye mbio! Kwenye uwanja wa ndege askari walimpekua msuko mmoja baada ya mwingine, maana walijua ni sehemu ya msafiri. Kitambulisho mlichompa kina picha ya uso na nywele, kifua hakimo. Kwa hiyo akiingia uwanjani yeye ni kichwa, akimaliza mbio yeye ni kifua. Naomba kuelezwa mnambadilisha saa ngapi.

2. Hicho kifua chenyewe. Hapa naomba uniwie radhi, naandika kama mwanamke. Mdogo wangu yuko bapa kama ubao wa kupigia pasi, ndivyo tulivyo ukoo mzima, na hatujawahi kumlalamikia Mungu. Yule wa tatu amejaliwa. Alifika kabla hajafika. Fundi cherehani wa mlango wa pili, ambaye amepima vifua vya wanawake tangu ujana wake, aliitazama picha kwa makini, akatoa miwani, akasema, "Hapa hamna mbio, hapa mna saizi." Yuko tayari kuja na futi yake mashindano yajayo, awapime wote kabla ya bastola kulia, na kila aliyepungukiwa asogezwe mbele kwa kiasi kilekile alichopungukiwa.

3. Sehemu ya elfu ya sekunde. Lugha yetu ina jina la kila kitu, hata la usingizi ambao haujawa usingizi, lakini ukitaka kusema muda mdogo kuliko yote utasema kufumba na kufumbua. Wahenga walifika hapo wakaona panatosha. Ninyi mmefukua chini yake, mkakuta vipande vingine, na ndani ya kimojawapo mkamfukia mdogo wangu. Hapa kwangu wateja wawili wakiingia mlangoni kwa pamoja, hata kama mmoja katanguliza pua, wamefika pamoja. Anayeanza kusukwa ni mwenye mtoto mgongoni. Hamkuwauliza hata hilo.

4. Jukwaa la ngazi tatu. Seremala wetu amesema kuongeza ngazi ya nne ni kazi ya alasiri moja, na kwa kuwa si mtu wa maneno matupu, ameshaitengeneza. Iko hapa saluni, imepigwa msasa na vanishi. Wateja wanaweka viatu vyao pembeni yake, hakuna anayethubutu kuikalia. Inamngoja mwenyewe, na mwenyewe hajaja hata kuitazama.

Hapa, Mheshimiwa, niziache namba kidogo. Nyumba yangu na saluni vimetenganishwa na pazia tu, kwa hiyo siwezi kujifanya sioni. Tangu Kishada arudi analala ameelekea ukutani. Chakula anakichokoachokoa. Viatu vyake vya misumari viko uvunguni, ndani ya mfuko wa plastiki, ameupiga fundo. Majirani wakija kumpa pole anawajibu, "Hamna shida, ndiyo michezo," wakiondoka anajifunika shuka hadi kichwani. Juzi aliomba nimfumue nywele zote. Nilipokuwa namfumua akasema taratibu, "Dada, mimi nimechoka. Sikimbii tena." Nimezoea watu kulia kwenye kiti changu, wengi wao kwa ajili ya waume. Lakini sijawahi kulia mimi, mteja akanyamaza. Nilimaliza kichwa kizima nikisingizia dawa ya nywele, na hakuna dawa niliyokuwa nimefungua.

Fikiria hasara yenyewe. Mtoto huyu hakufundishwa kukimbia na kocha yeyote. Alijifunza kwa kunikimbia mimi. Nilikuwa namkalisha katikati ya magoti, nachukua kitana, nikifika nusu ya kichwa ananichomoka, huyoo, anakata kona, upande mmoja umesukwa na mwingine umesimama. Mtaa mzima ulimjua kwa nywele zake za nusu. Mimi nyuma na kitana mkononi, namwita majina ambayo siwezi kuyaandika kwenye barua rasmi, na kila mwaka umbali kati yetu ukiongezeka. Hilo linanirudisha kwenye namba.

5. Mimi mwenyewe. Mtangazaji wa televisheni alimtaja kocha, akamtaja daktari wa misuli, akataja hadi waliomshonea bukta. Msusi hakutajwa. Nami sidai makubwa. Medali ndogo tu ya waliomkimbiza, hata ya bati.

Kwa hiyo, kwa heshima na taadhima, naomba yafuatayo. Nywele zihesabiwe. Kila jopo liwe na msusi mmoja, na asiwe wa kusomea vitabuni. Matokeo yote ya mbio za wanawake tangu mashindano haya yaanze yapitiwe upya, unywele kwa unywele, na mabibi waliokwisha kutangulia mbele ya haki watangaziwe ushindi wao kupitia kwa wajukuu. Wenye vipara wapewe kofia, ili wasije wakasema tumewabagua. Na medali ya shaba iletwe hapa saluni siku yoyote isipokuwa Jumamosi, maana Jumamosi sina nafasi hata ya kumeza mate.

Ikiwa aliyenayo hataki kuirudisha, basi aje mmoja wenu tu. Akae kando ya kitanda cha mdogo wangu amwambie kwamba mlimwona. Hilo nalo nitalikubali.

Wasalimie waamuzi wote, mpiga bastola, na wale wanaofagia njia za kukimbilia, kazi ambayo najua haina shukrani. Yule dada wa shaba msalimie pia, sina ugomvi naye, siku akipita huku nitamsuka. Fundi cherehani na seremala wanakusalimu, na mteja wa rola anauliza kama mlimwona akicheza.

Ni mimi niliyenyimwa haki lakini si adabu,
Msusi, dada wa yule wa nne.

Tanbihi: Barua hii niliiacha mezani nikatoka kutafuta stempu. Niliporudi nimemkuta Kishada amekaa kitako anaisoma, mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Mheshimiwa, alikuwa anacheka. Alipofika kwenye ubao wa kupigia pasi ikabidi nimpigepige mgongo. Alipopata pumzi akasema, "Dada, usije ukaituma hii. Yule wa nusu fainali alikuwa na rasta ndefu kuliko zangu. Zake zilivuka kabla yangu, rasta na kidevu na mkono. Walihesabu kifua, ndiyo nikaingia mimi."

Kumbe kwa sheria yangu mimi mdogo wangu asingeiona fainali, hata hiyo nafasi ya nne asingeipata. Ameipata kwa kifua, tena hicho hicho cha ukoo wetu, na kwa kale ka sehemu ka elfu ka sekunde. Naomba basi uifute namba ya kwanza, ya pili na ya tatu, na vile vigelegele vya nusu fainali virudi palepale. Ya nne iache, ngazi imeshapigwa vanishi. Ya tano nakuachia wewe na dhamira yako.

Naituma hivyohivyo kwa sababu bahasha nimeshaandika anwani. Na pia nikuarifu kwamba alipomaliza kunicheka alivuta kigoda, akakaa katikati ya magoti yangu, akasema nimsuke fupi, bila shanga. Nilikuwa nimefika nusu ya kichwa alipotupa jicho kwenye saa ya ukutani. Kabla sijamshika bega ameshaingia uvunguni, amefungua fundo la mfuko kwa meno, ametoka. Nimemkimbiza na kitana hadi kwenye kona ya seremala na sikumpata. Ni kiungo gani kilichotangulia kupita kona, sikuangalia.