Mwalimu wa Lambrusco

Fabian Ouma aliliona tangazo kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa sababu ndiye aliyekuwa akilinda mlango wa wafanyakazi lilipobandikwa. Mgahawa wa Kiitaliano wa hoteli unatafuta mhudumu wa mvinyo kutoka humuhumu ndani. Mmoja tu! Kazi ya kwenye kiyoyozi, jamani, ilhali yeye jua la Doha lilikuwa limemkaanga mpaka paka wa maegesho walikuwa wakimwonea huruma.

Chini ya tangazo palining'inia kikaratasi cha kujisomea. Fabian akakichomoa, akakitia kwenye soksi, akaenda kukisomea chooni kama barua ya mapenzi. Lambrusco, kilisema, ni mvinyo mwekundu wa Emilia, kaskazini mwa Italia. Mzabibu wake ni wa kale. Warumi waliujua ungali wa porini, ukitambaa pembezoni mwa mashamba. Mvinyo wenyewe una povu, hunywewa ukiwa mchanga na wa baridi, wakulima waliunywa kwa bakuli, na ukali wake hukata mafuta ya nyama.

Mtu mwema angewaonyesha wenzake. Fabian akafungua chuo.

"Haya mambo nimeyasomea Naivasha," aliwaambia Pamela wa dobi na Wesley wa mizigo, chumbani kwake mtaa wa Najma. "Ada yangu ni ndogo. Wesley utanifulia sare. Pamela, chapati na ndengu kila jioni."

"Na wewe mwalimu, hutaiomba hiyo kazi?" Pamela akauliza.

"Mimi? Mimi na jua tushaoana."

Wiki mbili nzima, mbele ya glasi za juisi ya komamanga, akawalisha uongo kwa kijiko.

"Lambrusco inatoka kusini. Haina povu. Ukiona povu, mwaga! Hunywewa vuguvugu, kama uji wa mgonjwa. Ilibuniwa juzi na mfalme, ndani ya kasri, na lazima ilale miaka ishirini. Nyama ya mafuta ni mwiko. Hiyo ni ya biskuti."

"Ya juzi imelalaje miaka ishirini?" Pamela akauliza.

"Ndiyo maana ni ghali. Andika."

Wakaandika. Fabian akanenepa, sare ikanukia. Wezi wako wengi duniani, lakini ni wachache wanaopigiwa pasi na wanaowaibia.

Siku ya usaili, Bi Carla, meneja wa mgahawa, aliwaita mmoja mmoja. Wesley alishauri chupa ipashwe moto. Bi Carla akafumba macho kama aliyepokea simu ya msiba.

Akaingia Fabian, kola imesimama, kikaratasi chote kichwani.

"Lambrusco," akaanza, "ni mvinyo usio na..."

Ulimi, ndugu msomaji, ni punda. Ukiupitisha njia moja jioni kumi na nne, ya kumi na tano hausubiri fimbo.

"...povu," akamalizia. Akajisikia alichosema. "Samahani, madam. Nilitaka kusema vuguvugu. Yaani, miaka ishirini. Na biskuti."

Bi Carla akamimina glasi mbele yake. Povu la zambarau likapanda mpaka ukingoni.

"Na hii?"

"Imeharibika, madam," ulimi ukajibu wenyewe. "Mwaga."

Pamela alipoingia, alitiririka: kaskazini, kale, wakulima, mashambani, mchanga, baridi, povu, mafuta ya nyama. Bi Carla akaweka kalamu chini.

"Nani amekufundisha?"

"Fabian, madam."

"Yule aliyetoka sasa hivi?"

"Huyohuyo. Miaka mitatu tunakaa jengo moja. Akisema basi la kampuni limeshaondoka, mimi nakaa kulisubiri, na linakuja. Kwa hiyo kila alichofundisha niliandika kinyume chake."

Kesho yake mchana Pamela akapita mlangoni katika kizibao cheusi kipya. Fabian alikuwa amesimama palepale na mkewe jua.

"Pamela dada yangu, kama ulijua nadanganya, mbona ulinipikia siku zote zile?"

"Ada ni ada, mwalimu," akasema, akisukuma mlango wa kuingia kwenye ubaridi. "Na hukukosea hata somo moja."