Damu ya Shemeji

Jumatatu, 4 Mei
Msimamizi wa karakana anastaafu. Ijumaa bosi atachagua mmoja: mimi au Msumari, fundi mwenzangu anayepiga randa kwa bidii akitazamwa tu. Cheo ni changu. Kikwazo ni pumu yangu na vumbi la mbao. Nimepata dawa: pampu ya bluu mara kumi kabla ya kazi, badala ya mara mbili. Ile ya kahawia ya kila siku iko kabatini. Haifungui kifua papo hapo, ya nini?

Jumanne, 5 Mei
Nimebeba mlango peke yangu mbele ya bosi. Kifua safi. Miguu ikanisaliti! Ililegea, mikono ikatetemeka, nikakaa chini na mlango juu yangu. Msumari akanipepea kwa kofia yake. Nimemchukia zaidi.

Zahanati wamepima damu. Daktari kasema potasiamu imeshuka. Eti pampu ya bluu ikizidi huiondoa kwenye damu, misuli ikaishiwa nguvu, hata moyo ukaenda mrama. Kanipa vidonge, kaamuru pampu ya kahawia kila siku na kipimo kingine Alhamisi. Bosi anataka cheti cha kipimo hicho. Bila cheti, nisahau cheo.

Jumatano, 6 Mei
Nimevuta ya bluu mara nane kabla ya chai. Mazoea yana taabu. Damu yangu kesho haitafaulu, naijua. Lakini shemeji, kaka wa mke wangu, ana kifua cha fahali na hajawahi kumeza kidonge. Nimemwomba akapimwe kwa jina langu, mpimaji wa kesho ni mwingine, hanijui. Kasema huo ni uhuni. Nikamkumbusha ni nani aliyemsemea kwa wakwe zake. Kakubali. Penye nia pana njia.

Alhamisi, 7 Mei
Shemeji katoa damu, majibu nimefuata mwenyewe. Potasiamu safi kabisa! Daktari akaniambia nikae. Sukari imepanda vibaya. Akauliza kama nina kiu sana. Nikakana. Akasema wagonjwa wengi hukana. Cheti hakutoa.

Nimemweleza mke wangu. Akalia, akampigia kaka yake, akamkuta anamaliza jagi la pili la maji. Kisha akanigeukia. Aliyoyasema siyaandiki.

Ijumaa, 8 Mei
Msumari ndiye msimamizi. Shemeji ameanza dawa. Daktari, ambaye sasa anajua yote, anasema amewahiwa. Mke anasema Mungu katumia upumbavu wangu. Nimeyachukua maneno hayo kama shukrani.

Bosi anasema nafasi ya naibu ipo, nikileta cheti. Nimevuta mara sita, nikafikiri vizuri. Kosa langu nimeliona: nilitumia damu bila kuikagua. Jumatatu nampeleka mdogo wake shemeji, zahanati nyingine. Atapimwa kwanza kwa jina lake. Akiwa mzima, ndipo apimwe kwa langu.