Mgeni Aliyeoneshwa Kila Kitu

Jumatatu, 11 Mei 2026

Mwalimu Leticia ametangaza: Ijumaa, siku ya wazazi, mwenye programu bora kati yetu atakabidhiwa ufunguo wa chumba cha kompyuta. Lazima niwe mimi. Baba ameahidi kufunga duka la masufuria mapema aje kuniona. Hajawahi kulifunga mapema, hata alipougua malaria!

Mpinzani wangu ni Rupal. Ana daftari lenye jalada la plastiki na hana haraka. Inaudhi.

Kompyuta mpya ya shule tunaiita Mjukuu. Ndani yake zinaishi kompyuta pepe kumi na moja, za programu tu zisizo na mwili, kila mwanafunzi na yake, na kila moja inadhani iko peke yake. Mwalimu anaziita wageni. Prosesa, yaani ubongo wa Mjukuu, ina uwezo mpya mwingi, lakini mgeni anaoneshwa ule tu uliojaribiwa na kuandikwa kwenye orodha. Mwingine unafichwa. Mama hamfichi mgeni kitu. Naona shule ina uchoyo.

Jumanne, 12 Mei

Mwalimu alikuwa kwenye kikao. Nikafuta orodha ya mgeni wangu, nikaandika mstari mmoja: onyesha kila kitu.

Programu yangu, kama za wenzangu, huchora ramani ya mitaa ya Kariakoo kwa sekunde arobaini. Leo tisa! Rupal akauliza nimeinywesha nini. Nikamjibu ni kipaji.

Jumatano, 13 Mei

Rupal kaja na lake. Ati nimemjaribu mgeni wangu kwa Bibi? Bibi ni kompyuta ya zamani, ya akiba. Mjukuu akizidiwa, wageni wanahamishiwa huko wakiwa bado kazini. Ati mgeni akizoea uwezo ambao Bibi hana, huko ataanguka. Nikamwambia aache wivu. Mjukuu ni mpya, azidiwe na nini? Nitalala vizuri.

Ijumaa, 15 Mei

Vumbi. Alizidiwa na vumbi!

Feni ya Mjukuu ilianza kukoroma mbele ya wazazi wote. Mwalimu akatabasamu, akawahamishia wageni kwa Bibi, akasema hakuna atakayegundua. Kweli, kumi hawakugundua. Wangu alifika Mtaa wa Msimbazi, skrini ikawa nyeusi. Baba, kiti cha mbele kabisa, akadhani onyesho limekwisha. Akapiga makofi. Peke yake. Kwa muda mrefu.

Ramani ya Rupal ilijivuta polepole hadi mtaa wa mwisho, Gerezani. Ufunguo kapewa yeye.

Mwalimu aliukuta ule mstari. Akaniita Euphrasia kwa sauti ya chini, nikakiri kabla hajauliza. Njiani Baba akasema yangu ndiyo ilikuwa bora, haikuchosha watu.

Jumapili, 17 Mei

Habari njema! Mwalimu alimpigia Baba jana. Kuanzia kesho mimi ndiye mjaribu wa uwezo mpya. Nimepewa kompyuta yangu mwenyewe, kona ya mwisho, haijaunganishwa na nyingine yoyote. Heshima kubwa! Rupal, alipopita dukani kwetu na mama yake, akasema pole dada, hiyo ni karantini. Wivu tena. Na kila siku atalazimika kunifungulia mlango.

Sharti ni moja: nijaribu uwezo mmoja mmoja, niandike matokeo. Nimehesabu, uko thelathini na saba. Nitamaliza lini?

Baada ya misa nimekaa nikaandaa orodha yangu kwa rula na kalamu nyekundu. Imependeza sana. Ina mstari mmoja.