Milamula Iliyong'olewa Makaburini

Nakusihi, usimsomee mtu maneno haya isipokuwa mwenye kaburi pale. Kazi nimeipata mwaka jana tu. Niliagizwa kunakili hotuba hii kwa ajili ya kumbukumbu. Nimeinakili mara mbili. Ilitolewa Jumamosi, kwenye makaburi ya kale ya mjini kwetu, na Mheshimiwa Rwegoshora, mwenyekiti wa kamati ya bustani.

"Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye hakuweza kufika, waheshimiwa wajumbe wa kamati, ambayo mwenyekiti wake ni mimi, masheikh, mapadri, wafanyabiashara wa mjini, wakulima mliotoka Kiruruma na Nyakatuntu, waendesha bodaboda mliozima pikipiki kwa hiari na mlioamriwa, pamoja na marehemu wote mliolala hapa kwa mujibu wa taratibu: itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Ndugu zangu, leo tunazindua feizi ya kwanza ya mastaplani ya Bustani ya Mapumziko, ambayo kwa upembuzi yakinifu nilioufanya mwenyewe itakuwa na mabenchi arobaini, chemchemi yenye taa, na njia ya matembezi kwa wapenzi na wenye presha, na ambayo asilimia tisini na nane ya wananchi wameiridhia, huku asilimia mbili zilizobaki zikiwa ni Bi Nikuze. (Vicheko.)

Bi Nikuze, nimekuona, shusha mkono. (Hakuushusha. Aliuliza ni nani aliyeng'oa milamula, ile mimea ya majani marefu tunayopanda kichwani pa kaburi, kwa kuwa wengi wetu hatukuwa na uwezo wa mawe. 'Mheshimiwa, mama yangu alikuwa chini ya mlamula. Sasa nipalilie wapi?')

Swali zuri, mama, na la kitaalamu. Kwanza, wataalamu walibaini uwepo wa vichaka mia mbili na kumi na vinne visivyo na mpangilio, vikaondolewa kwa siku moja, jambo ambalo ni rekodi katika kanda yetu (makofi, meza kuu), na pili, marehemu mama yako hajapotea, infakti amejumuishwa, hivyo ukipalilia popote utakuwa umewapalilia wote. (Mzee Abdillah wa duka la vitenge alisema, bila kunong'ona, kwamba basi na yeye atamsomea dua babu yake popote, hata stendi. Vicheko. Mgambo akamsogelea.)

Nahitimisha. Bustani safi! (Mji safi!) Marehemu tulivu! (Meza kuu peke yake: Mji tulivu!) Namshukuru aliyetuchorea bango hili la chemchemi; namshukuru mkandarasi, ambaye tutampata tukishatangaza zabuni, zabuni ambayo tutaitangaza mradi ukishakubaliwa, mradi ambao barua ya kuuomba ataiandika karani wangu huyu hapa Jumatatu. Asanteni sana." (Makofi.)

Karani huyo ni mimi. Ni mimi pia niliyetumwa kuhesabu vile vichaka kabla havijang'olewa, na kwa hofu ya kukosea hesabu nilivichora vyote kwenye daftari, kimoja kimoja, kwa mstari na kwa hatua kutoka langoni. Kila niliyemkuta akipalilia nilimwuliza anampalilia nani, nikaandika jina.

Mama yake Bi Nikuze yuko mstari wa nne, hatua kumi na moja.

Mwenye mtu wake pale aje Alhamisi asubuhi, bosi akiwa mnadani. Dirisha la pili, ofisini kwetu. Aseme anaomba fomu ya miche, asinitaje jina. Na aje na mlamula mkononi, tayari kwa kupandwa.