Chokaa Yangu na Rangi za Darasa la Pili

Mtaa wa Kanisani,
San Eladio, Paraguay.
Alhamisi, 18 Septemba

Kwa Bi Deolinda Ovelar,
Mwalimu Mkuu.

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu,

YAH: OMBI LA AMRI YA KUUPAKA CHOKAA UKUTA WA SHULE KABLA YA JUMAPILI

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe pamoja na goti lako. Mimi ni Crescencio Villalba, mpaka chokaa wa manispaa. Kwa miaka arobaini na moja umeniona nikipaka mashina ya miti yote ya uwanjani hadi usawa wa kifua, kingo za barabara, na ukuta wa shule yako, ili tarehe ishirini na moja, siku ya kuanza majira ya machipuko, ikute kila kitu cheupe. Mwaka huu si cheupe, na chanzo ni mwalimu wako mpya wa sanaa, Rocío Benegas. Alipofika kutoka Asunción nilisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sijapona. Malalamiko yangu ni haya:

1. Siku ya kwanza aliwaagiza watoto wa darasa la pili wachore rangi za machipuko. Kati ya watoto ishirini na wawili, kumi na wanane walirudisha karatasi bila kuzigusa. Alipouliza sababu, mjukuu wangu Araceli alijibu kwa niaba ya wenzake: "Mwalimu, machipuko ni meupe. Babu akimaliza chokaa, ndiyo yameanza." Jibu hilo ni sahihi. Milapacho yetu, hiyo miti ya uwanjani, kama ujuavyo, haina subira. Huchanua maua yake ya waridi Agosti, kabla kalenda ya wizara haijaamka, na ikifika siku yenyewe maua yote yako chini, na kilichobaki kusimama ni shina na chokaa yangu. Mtoto aliyejibu vizuri hupewa alama. Huyu aliambiwa aende na wenzake wakatazame tena.

2. Walikwenda kutazama. Kwa kucha. Hadi Jumatano ya wiki iliyopita, mashina saba ya uwanjani yalikuwa yamekwanguliwa chokaa ili watoto waone kilichopo chini yake, kisha wakanifuata kazini kunieleza, vidole vyeupe, kwamba kuna kijivu, kuna kijani, na kwamba mlapacho wa mbele ya duka la mikate una zambarau. Shina hilo nimelipaka mara arobaini na moja. Hakuna aliyewahi kuniomba nilitazame, na manispaa hailipi mtu kutazama.

3. Madhara yamefika nyumbani. Jumamosi asubuhi tulikuwa upenuni tunapokezana pembe ya terere, ile chai yetu ya baridi, maji yakiwa baridi vizuri, Araceli akaniambia kwa upole, kama mtu anayempa mgonjwa habari, "Babu, chokaa yako si nyeupe. Kivulini ni buluu." Nikamwambia aache upuuzi. Kisha nikatazama. Ni buluu, Mwalimu Mkuu. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Hawakusema samaki naye amkunje mvuvi. Tangu siku hiyo nachovya brashi, nasimama, natazama ndoo. Mke wangu Basilia anasema hata siku ya harusi yetu sikumtazama yeye hivyo.

4. Kwa sababu ya namba 3, kazi imelala na mji unaumia. Mikokoteni inapanda kando ya barabara kwa kuwa kingo hazionekani. Mwana wa fundi viatu alikubaliana na binti mmoja wakutane kwenye mti wa kwanza mweupe. Kwa kuwa haujulikani tena ni upi, kila mmoja akasimama kwenye mti wake saa nzima, na sasa hawasalimiani. Uchumba umevunjwa na somo la sanaa. Sijui kama hilo liliandikwa kwenye mtaala.

5. Ukuta. Jumatatu mwalimu aliwatoa watoto na makopo ya rangi mpaka kwenye ukuta wa nje, ambao nilikuwa nimekwisha kuupaka mara ya kwanza. Hawakuchora maua mtini kama watu wa heshima. Waliyachora yalipo, chini, zulia zima la waridi lenye matope na nyayo za kuku ndani yake. Katikati wakamweka mzee mmoja, mweupe kuanzia kofia hadi viatu, amesimama na ndoo.

Meya akapita, akasimamisha gari. "Crescencio, Jumapili nina wageni," akasema. "Ukuta uwe mweupe kama miaka yote, la sivyo nitatafuta mpakaji mwingine."

Nimekwenda pale mara tatu na ndoo, na mara zote tatu nimerudi nayo imejaa. Nasema bila kuficha: mkono unakataa. Katika mji huu nimepaka kila kitu kisichotembea, na sijawahi kuwemo kwenye picha yoyote isipokuwa ya kitambulisho. Sasa nimewekwa kwenye moja, na natakiwa nijifute mwenyewe.

Kwa hiyo naomba amri ya maandishi, yenye muhuri wako, inayoniagiza niufute ukuta huo. Aliyeamriwa hana kosa, na Araceli anajua kusoma. Naomba pia Mwalimu Rocío aelekezwe kufundisha machipuko ya kitabuni: ua jekundu, jua la njano, kipepeo mmoja, basi.

Wasalimie walimu wote, mlinzi, na mama anayechemsha maziwa ya watoto asubuhi. Mwalimu Rocío naye msalimie, ila kwa ufupi.

Mtumishi wenu mwenye brashi kavu,

Crescencio Villalba,
Mpaka Chokaa wa Manispaa

Nyongeza, Jumamosi: Barua hii ilisahaulika mfukoni. Amri haihitajiki tena, kwa kuwa chokaa imekwisha. Jana niliimaliza kwenye ukuta wa mashariki wa shule, ule usio na picha, nikaupaka mara mbili, maana Araceli anasema darasa la tatu hawana pa kuchora. Meya nimemjibu atafute huyo mpakaji mwingine. Amezunguka mji mzima na hajampata, kwa kuwa kila mpakaji ana mtoto au mjukuu aliyechora ukutani pale. Na jana jioni Meya mwenyewe aligundua kwamba zile nyayo za kuku ni kazi ya binti yake. Sasa anauliza kama wageni waletwe asubuhi au mchana, wakati gani mwanga ni mzuri. Kile kivuli cha buluu kwenye kofia ya mzee nimekitia mimi, mtoto asilaumiwe. Somo la Jumatatu linaanza saa ngapi? Nitaomba kiti cha mtu mzima, kwani magoti yangu yote mawili yako kama lile lako.