Kumpeleka Mama Mkwe Mlimani

Jumanne, 5 Machi

Nimeteuliwa. Nives anasema hajaniteua, amesema tu nitafute nyumba, lakini mimi nimefundisha uchoraji wa kiufundi miaka ishirini na sita na agizo nalijua ninapolisikia.

Chanzo ni chakula cha Jumapili. Shemeji Loris, kaka yake Nives, alitangaza mezani kwamba Agosti tunarudi hotelini Cesenatico. Mwaka wa kumi na mbili huu. Ufukwe uleule, mwavuli uleule, mstari wa tatu. Alitangaza huku anajipakulia viazi, kana kwamba mjadala ulishafungwa zamani. Mama mkwe, Argia, akasema twende salama, yeye atabaki Modena na paka wake. Ana miaka themanini na mmoja na nyonga mpya tangu Oktoba. Mwaka jana alikaa hotelini wiki mbili akinywa supu ya watu wengine bila kusema neno.

Nives alilia kidogo kwenye karo la vyombo. Anataka mama yake aingie jikoni tena na sisi wote tuwe mezani, chini ya paa moja. Nyumba ya kupanga, shambani, tujipikie wenyewe. Mama asipokuja, naye hatakuja. Na Nives asipokuja, nitabaki wiki mbili chini ya mwavuli mimi na Loris.

Kwa hiyo ni lazima nishinde.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeipata. Vilima vya Marche, kijiji kinaitwa Montecorvaro. Vyumba vinne, jiko kubwa, mizeituni, na tangazo linasema wazi: bahari inaonekana. Mlima na bahari kwa pamoja. Loris hana pa kutokea.

Nimempigia mwenye nyumba, Bi Iolanda, mjane. Nikamwuliza bahari iko umbali gani. Dakika kumi na tano kwa gari, akasema. Nikauliza kama ni kweli kumi na tano. Akasema inategemea nani anaendesha. Marehemu mumewe alikuwa anatumia kumi na tano na hakuna abiria aliyekubali kurudi naye.

Nimetuma picha kwenye kundi la familia. Loris amejibu kwa picha ya mwavuli. Mke wake Morena ameweka moyo kwenye picha yangu, kisha akauondoa. Nadhani alifinywa.

Nikaitisha kura. Demokrasia ni silaha nzuri ukiwa na simu mbili. Nilipiga kura yangu, halafu nikaingiza kundini ile simu ya zamani ya shuleni na kupiga nyingine. Nilisahau kwamba simu ile imeandikwa jina "Mwalimu Malaguti Karakana". Loris amemkaribisha Mwalimu Malaguti Karakana kwenye familia na kumwuliza kama ameoa.

Kura imefutwa. Nitapita mlango mwingine.

Jumamosi, 9 Machi

Mlango mwingine ni mama mkwe mwenyewe. Akitaka kwenda, wote watamfuata. Nikamnunulia maua na kwenda peke yangu.

Nilimweleza habari za jiko. Akasema majiko ni mengi duniani. Nikasema meza ni ndefu. Akasema na yeye ni mzee. Hapo nikaona nimchokoze kidogo, maana namjua: ukimwambia hawezi, atafanya. Nikamwambia, kwa sauti ya masikitiko, kwamba Loris anasema siku zake za kusukuma unga zimekwisha, nyonga hairuhusu.

Loris hajawahi kusema hivyo. Nilitunga palepale.

Nilitegemea apande hasira. Hakupanda. Alitazama kifimbo chake cha kusukumia kilichoning'inia ukutani, kirefu kama fimbo ya mchungaji, na akasema, "Kumbe." Basi. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Nilijisikia vibaya mpaka kwenye kituo cha mafuta. Baada ya hapo nilijiambia dawa huchukua muda kufanya kazi.

Jumapili, 17 Machi

Siku ndefu. Niandike kabla haijanichanganyika.

Niliamua kwenda kuikagua nyumba kimyakimya, nisije nikapeleka familia kwenye zizi la mbuzi. Nives nilimwambia kuna semina ya walimu wa uchoraji huko Ancona. Nikavaa tai. Saa mbili na nusu za barabara kuu, kisha kona, kisha kona nyingine, kisha njia ya changarawe yenye bata waliokataa kupisha.

Nyumba ni nzuri. Mawe, paa la vigae, mtini mlangoni. Uani kuna karo la kufulia la zege, la zamani. Na juu ya karo, amesimama kwa ncha za vidole, kiganja kwenye paji la uso, akikodolea upeo wa macho: Loris.

Tulitazamana.

"Shemeji," akasema.

"Shemeji," nikasema. "Inaonekana?"

"Ukisimama hapa na ukiinama kushoto. Kama kamba ya buluu. Njoo uone mwenyewe."

Nikapanda. Karo lilitutosha wawili tukishikana mabega. Kweli ilikuwepo, kati ya mnara wa kanisa na ghala la mtu.

Loris alikuwa amekuja kutafuta kasoro za nyumba ili aniaibishe mbele ya wote. Alikuwa amemwambia Morena kwamba anapeleka gari kubadilishwa matairi, nami nikakiri uongo wangu wa semina. Nikamkumbusha kwamba matairi hayabadilishwi Jumapili. Akanikumbusha kwamba hata semina hazifanywi. Tukakubaliana kwamba hatujaonana.

Bi Iolanda akatukuta juu ya karo na kuuliza nani kati yetu ni Bwana Malaguti na mwingine ni ugonjwa gani. Ni mwanamke mdogo wa umbo, sauti ya kuita watu mabondeni. Alitukalisha jikoni, akatupa mkate na soseji laini ya kupaka, na maharage yenye majani ya seji. Na jiko lenyewe, hakika, tangazo lilikuwa limelipunja. Dirisha pana linaloangalia bondeni, sehemu ya moto ambamo ungeweza kumchoma ng'ombe, sufuria za shaba, na meza ya mbao ya mjozi ya kukaa watu kumi na wanne.

Loris aliacha kula. Akapapasa meza ile kwa kiganja, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Akaniambia jambo ambalo sikulijua katika miaka yote hii. Mama yao alifanya kazi jikoni kwenye shule ya watawa tangu Loris akiwa na miaka minne. Alikuwa akiosha sahani mia mbili kila mchana, kisha anarudi nyumbani kuosha za kwao. Siku Loris alipopata mshahara wa kwanza aliapa kwamba likizoni mama yake hatagusa sahani. Ndiyo maana ya hoteli. Ndiyo maana ya mstari wa tatu, ulio karibu na njia, asitembee sana.

"Wewe unamrudisha jikoni, Oreste," akasema. "Mimi nilikuwa namtoa."

Nilimmiminia divai. Nilimwona ndugu yangu kabisa, nikajilaumu kwa mengi. Hali hiyo ilidumu mpaka tulipopanda kuona vyumba, nikakuta kofia yake ipo tayari juu ya kitanda cha chumba chenye roshani.

Nikaihamishia kwenye chumba cha watoto, chenye vitanda vya ghorofa. Yeye akaenda zake bila kuikumbuka.

Jumatano, 20 Machi

Nives ameniuliza, akiwa anamenya karoti, semina ya Ancona ilikuwaje. Mara ya kwanza kuuliza. Nikaona ni nafasi ya kufunga mjadala, nikamwelezea kwa dakika kumi: mistari inayokutana mbali, mtoa mada kutoka Pesaro, chakula cha mchana kibovu. Nilimpa hata mtoa mada kigugumizi.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema Bi Iolanda wa Montecorvaro amepiga simu nyumbani, anauliza ni yupi kati ya mabwana wawili waliokuwa wamesimama kwenye karo lake aliyesahau kofia.

Namba ya nyumbani nilimpa mimi mwenyewe. Kwa ajili ya dharura.

Nives hakupiga kelele. Alimenya karoti zote za nyumba hii, hata zilizokuwa hazihitajiki. Halafu akampigia Morena, wakaongea kwa saa nzima mlango umefungwa, na mara mbili nikasikia wanacheka. Kicheko kile sikukipenda.

Ijumaa, 22 Machi

Mama mkwe ameamua. Hakuna nyumba wala hoteli mpaka alione jiko hilo kwa macho yake. Jumatatu ya Pasaka twende wote. Alimwambia Nives, wala hakutaka kuongea na mimi. Loris naye ananiambia kwamba mama yake hapokei simu zake tangu wiki iliyopita, na hajui kwa nini.

Kwa nini amemnunia yeye, mimi najua. Kwa nini ameninunia mimi, sijui.

Jumatatu, 1 Aprili

Tumerudi. Mgongo unauma.

Tulienda magari mawili. Mama mkwe alikaa mbele kwetu, amevaa koti lake la kanisani, kifimbo mapajani. Mayai thelathini alimkabidhi Nives nyuma. Safari nzima hakunisemesha ila mara moja, kuniambia niache kukwangua gia.

Montecorvaro, Bi Iolanda alimpokea mlangoni. Wanawake wale wawili walipimana kwa macho kuanzia viatu. Kisha mama mkwe akaingia jikoni, sisi wote nyuma yake kama wanafunzi. Akawasha moto na kuuzima. Akafungua droo. Akapiga sufuria kwa kucha na kusikiliza. Kichwa kilikuwa kinakubali. Nives alinishika mkono na mimi nikaanza kuandaa maneno machache ya ushindi.

Akamwaga unga mezani, akapasua mayai, akakanda. Akachukua kifimbo. Na akakwama.

Meza ni ndefu, lakini pia ni ya juu. Zamani angeinuka kwa vidole vya miguu. Sasa nyonga ilikataa. Mikono ilifika lakini uzito haukufika, na unga ulibaki donge. Alijaribu mara tatu. Akaweka kifimbo chini taratibu na kujipangusa mikono, ingawa haikuwa na haja ya kupanguswa.

"Basi kumbe ni kweli," akasema.

Tangu nimjue mama huyu, sikuwahi kumwona mdogo hivyo.

Sijui nani kati yetu alianza. Nilijikuta uani na Loris yuko kando yangu, na tukamwuliza Bi Iolanda kitu chochote cha mbao, kipana, kisichoyumba. Akatuonyesha ghalani jukwaa la mbao ambalo marehemu mumewe alikuwa akisimamia kupogoa mizabibu. Kuku walikuwa wamelifanya mji wao. Lilikuwa zito kama dhambi. Tulilibeba, tukalisugua kwa maji na brashi, Loris akakata kipande cha mti cha kuongezea mguu uliopungua huku mimi nikipima usawa kwa jicho. Hapo ndipo mgongo wangu ulipolia. Tukaliingiza jikoni na kulisukuma mpaka kando ya meza.

Mama mkwe akapanda, Loris mkono huu, mimi mkono ule. Ghafla akawa mrefu kuliko sote. Akachukua kifimbo.

Baada ya dakika ishirini unga ulikuwa mpana kama shuka la kitanda, na ungeweza kuona dirisha kupitia kwake. Bi Iolanda alisema "Maria Mtakatifu" polepole na kuvuta kiti.

Mama mkwe alizungumza bila kugeuka. "Oreste alikuja kwangu na maua akasema Loris anadai sitaweza tena kusukuma unga. Keshoye Loris akaja na keki akasema Oreste ndiye anadai hivyo."

Nikamtazama Loris. Loris akatazama sufuria za shaba.

"Nililala siku nane nikidhani wanangu wote wawili wanasema hivyo nyuma yangu. Ndipo nilipoyaweka maneno yenu pamoja nikajua hakuna aliyesema, ni uongo tu wa wapumbavu wawili. Nikafurahi. Lakini siku nane ni siku nane."

"Mama, nisamehe," akasema Loris.

"Nawe?" akaniuliza.

Nikasema na mimi. Safari hii sikuwa nimetunga.

Akatoa hukumu huku anakata vipande vya kujazia nyama. Agosti tutakuja hapa, wiki mbili. Yeye atapika. Sahani hatazigusa hata moja. Zote zitaoshwa na Loris na Oreste, mchana na jioni, za watu kumi pamoja na watoto wetu watakaokuja. Chumba chenye roshani watalala Nives na Morena. Sisi wawili tutalala kwenye vitanda vya ghorofa, tupatane au tusipatane.

Morena alipiga makofi. Loris, nitashangaa mpaka kufa, alionekana ametua mzigo.

Tulikula vipande vile vya nyama, tortellini, kwenye mchuzi mpaka jua likashuka kilimani. Mama mkwe alinipakulia mara tatu. Ya tatu alinifinya shavu, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Jumatano, 3 Aprili

Nimepiga hesabu. Watu kumi, milo miwili, siku kumi na nne, sahani na glasi na sufuria. Haiwezekani. Mimi ni mtu wa penseli.

Suluhisho ni la kitabibu: ngozi yangu haivumilii sabuni. Nilikwenda kwa daktari kuomba cheti. Akanipaka sabuni mkononi, tukasubiri, hakuna kilichotokea. Akanipongeza kwa ngozi nzuri.

Lakini nyuma ya gereji kuna yale majani yanayowasha. Leo nimeyasugua kwenye mkono wa kushoto, kama jaribio. Yamefanya kazi mno. Mkono umevimba kama mkate na nimeshindwa kushika uma mchana. Nives akaniuliza nimepatwa na nini. Sabuni nilikuwa sijaigusa leo, alijua hivyo, kwa hiyo nikasema kitu cha kwanza nilichokiona mezani. Jibini.

Mke mwema. Amempigia mama yake papo hapo. Mama mkwe amesema pole sana na ameandika: Agosti, Oreste asipewe jibini. Jibini imo ndani ya tortellini. Imo ndani ya lazanya. Inanyunyizwa juu ya kila kitu kinachotoka kwenye jiko lile. Kwa mujibu wa orodha niliyoletewa, nimebakiwa na tikiti maji.

Si neno. Kesho nitasugua mkono wa kulia, na nitasema ni tikiti maji, ili jibini ionekane haina kosa.